Kindi Wako ni Mgonjwa: Mwongozo kwa Watu wa Malindi

Kila mwaka, masika yakikaribia na watu wakianza kufyeka viwanja na kukata miembe, mlango wangu hauishi hodi. Juzi ilikuwa zamu ya kijana mmoja kutoka Muyeye. Mkononi ana katoni ya mafuta ya kupikia, ndani kindi amejikunja mfano wa ngumi. "Shangazi, nimpe dawa gani?" Kabla sijajibu akaongeza kwa fahari: "Maziwa nishampa." Nikashika tama.

Maswali ni yale yale, miaka nenda miaka rudi, basi nimeona niyaandike majibu mara moja. Mimi si daktari. Ni mama wa nyumbani niliyelea kindi, nikazika wengi mwanzoni na wachache siku hizi. Kilicholeta tofauti ni mpangilio tu: joto kwanza, maji pili, chakula tatu. Kindi aliyepoa mwili hana tumbo la kusaga kitu. Ukimtia maziwa yatalala tumboni na kuchacha, au yatapita njia ya pumzi. Kindi wangu wa kwanza alikufa hivyo, maziwa yakimtoka puani na mimi nikimbembeleza anywe zaidi.

Kuhusu sheria, kabla hatujaenda mbali

Kindi, au kuchakuro kama wengine tunavyomwita, ni mnyamapori. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 hairuhusu kumfuga bila kibali, hata kama alianguka mwenyewe uani kwako. Najua wengi mnanyamaza kwa sababu hiyo, mnaogopa hata kumpigia daktari, mwisho mnyama anafia kwenye katoni. Usifanye hivyo. Wapigie KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, mapema, useme umemwokota lini, wapi, na ana nini. Kwa Malindi wako kwenye hifadhi ya bahari upande wa Casuarina, na ukiwa karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke kuna kituo pale Gede. Na tafadhali, wale wenzetu wa Watamu wanaotibu kasa ni wa kasa. Msiwapelekee kindi, wana kazi yao.

Vitu vya kuwa navyo

Vingi viko nyumbani tayari:

- Katoni yenye kifuniko na matundu madogo. Tenga la kuku halifai, atapenya au atanasa mguu.
- Leso (kanga) kuukuu au fulana. Taulo lenye nyuzi za kujikunja hunasa kucha, liache.
- Chupa mbili za plastiki za kutilia maji ya moto.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu, ile ya wapishi wa keki. Kama huna, azima. Bila uzito hakuna daktari atakayekupimia dawa sawasawa.
- Sirinji za ml 1, zisizo na sindano, kutoka duka la dawa. Nunua tano, mpira wake huchoka haraka.
- Pakiti ya ORS, ile ile ya watoto wanaoharisha.
- Pamba, kibano cha nyusi, na glavu nene au soksi mbili za mkononi.
- Simu yenye chaji. Utahitaji kupiga video.

Hatua kwa hatua

1. Mtie gizani, pawe kimya. Mfunike kwa leso, mnyanyue na leso yake, mweke kwenye katoni, funga. Redio zima. Watoto wakitaka kumwona waambie kesho. Kwa kindi, kila jicho linalomtazama ni la mwewe, na mnyama mgonjwa anaweza kufa kwa hofu peke yake.

2. Mpashe joto. Jaza chupa maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa mkono, ifunge kwa kitambaa, iweke upande mmoja tu wa katoni. Upande wa pili uache baridi ili akizidiwa ajisogeze. Usimwanike juani. Usimweke juu ya friji wala karibu na jiko la makaa. Gusa tumbo lake baada ya nusu saa: likiwa na joto kuliko vidole vyako, umefika. Likiwa bado baridi, badilisha maji uendelee kungoja, hata ikichukua saa mbili.

Kuna hali moja ya kinyume. Wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, kindi aliyefungiwa chini ya mabati anaweza kuugua kwa joto: analala kifudifudi miguu ameitandaza, anahema mdomo wazi, mwili unawaka. Huyo mpeleke kivulini, mpanguse nyayo, masikio na mkia kwa kitambaa kilicholowa maji ya kawaida. Barafu hapana.

3. Mpime. Weka bakuli kwenye mizani, isome sifuri, kisha mtie yeye na kitambaa ulichokipima kabla. Andika gramu na saa. Huyu kindi wetu wa misitu ya pwani, mwenye tumbo na mkia mwekundu, hata akiwa mkubwa hafiki nusu kilo. Kwa hiyo gramu 10 kwake si kitu kidogo. Mpime kila siku saa ile ile. Uzito ukishuka siku mbili mfululizo, hali si nzuri hata kama anaonekana mchangamfu.

4. Mkague upesi. Dakika mbili, tatu, basi. Anza puani ukiangalia damu au povu, kisha meno ya mbele, macho, miguu yote minne, tumbo, na chini ya mkia. Finya ngozi ya katikati ya mabega uiachie. Ikirudi papo hapo, maji yapo. Ikibaki imesimama kama hema, yamepungua.

Haya hayangoji kesho: anahema mdomo wazi, ana degedege, anavuja damu, anaburuta miguu ya nyuma, mfupa umetokeza, ana funza au mayai ya nzi (yanafanana na chenga za mchele zilizogandana kwenye manyoya), au ameguswa na paka.

La paka nalirudia, maana Malindi paka hatuna haba. Mdomoni mwa paka mna vijidudu vinavyoua kindi kwa siku moja au mbili. Tundu la jino ni dogo kama la sindano, na manyoya hulifunika. Usiseme "nimemtazama, hana kidonda". Kama paka alimshika, anahitaji antibayotiki leo, na ni daktari atakayeichagua.

5. Mpe maji. Sasa ameshapata joto. Koroga ORS kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, usikisie, iwe vuguvugu. Mshike tumbo likiwa chini na kichwa kimeinuka, kama anavyokaa mtini. Kamwe usimlaze chali kama mtoto mchanga. Weka tone moja ubavuni mwa mdomo, ngoja alilambe, ndipo ulete jingine. Kwa kindi wa gramu 100, ml 3 hadi 5 kwa mara moja zinatosha, na unaweza kurudia baada ya saa moja au mbili. Aliyezimia, au aliye kwenye degedege, asipewe chochote mdomoni.

6. Tafuta daktari. Hapa ndipo watu hukwama. Madaktari wengi wa huku kwetu kazi yao ni ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. (Lamu wana kliniki ya punda tangu 1987, sisi kindi tunajitafutia.) Anza na ofisi ya mifugo ya Kaunti ya Kilifi iliyoko Malindi mjini, kisha madaktari binafsi wanaotibu mbwa na paka. KWS nao waulize ni daktari gani wao humwita.

Usiulize "unatibu kindi?" maana jibu litakuwa hapana. Uliza hivi: "Daktari, umewahi kutibu sungura?" Anayemjua sungura ameshazoea mnyama mdogo asiyestahimili dawa zote, mwenye meno yasiyoacha kukua. Halafu mwambie kwa mkupuo mmoja: "Nina kindi wa gramu 180. Ameshinda hajala tangu jana asubuhi. Anaburuta miguu ya nyuma. Alikuwa akila karanga na mahindi. Hajaanguka. Nimempa ORS ml 4 saa mbili asubuhi. Video ninayo." Daktari aliyepata maneno hayo, hata kama kindi hajawahi kumgusa, anaweza kumpigia mwenzake wa Mombasa au Nairobi akapata mwongozo. Mwenye kusikia tu "kindi wangu hajisikii vizuri" atakwambia umlete Jumatatu.

Hakikisha ni daktari au mhudumu aliyesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo. Kuuliza leseni si utovu wa adabu. Muuza duka la dawa za mifugo (agroveti) si daktari, hata akivaa koti jeupe. Duka moja waliwahi kunipimia dawa ya minyoo ya mbuzi kwa kijiko cha chai, kwa ajili ya mnyama wa gramu 200!

7. Safari. Nenda alfajiri kabla jua halijakaza, hasa ukitoka Mambrui au Gongoni. Tuktuk ni bora kuliko bodaboda kwa sababu ya upepo. Mwambie dereva azime muziki; akikataa, shuka. Katoni ikae mapajani, chupa ya maji ya moto ndani yake ikiwa imekazwa isibingirike, leso juu. Chukua na kinyesi chake cha leo kwenye mfuko safi, daktari atakitazama kama kina minyoo au vijidudu vya tumbo. Akiwa na jeraha linalohitaji kupasuliwa, usimfungishe kula kama tunavyoambiwa sisi hospitalini. Kindi hana uwezo wa kutapika, na njaa ndiyo itakayomdhoofisha.

8. Kwa daktari. Uliza mambo manne na uyaandike: dawa inaitwaje, ni ml ngapi kwa gramu zake, mara ngapi kwa siku, na siku ngapi. Mwombe avute dawa ya kwanza kwenye sirinji yako, wewe ukitazama, apige alama kwa kalamu. Aibu ya dakika moja hiyo. Mimi niliona haya kuuliza siku moja, nikampa mara kumi ya kipimo kwa sababu ya nukta niliyoisoma vibaya.

9. Kumlisha ukirudi. Aliyefumbua macho na mwenye meno mpe vipande vidogo vya tango, boga, sukuma wiki, majani ya mlonge. Mtoto asiyefumbua macho anahitaji maziwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku nao. Yanayofaa ni maziwa ya unga ya watoto wa mbwa. Uliza agroveti kubwa au uagize kutoka Mombasa. Ukikosa, maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa yatakuvusha siku mbili, tatu. Ya ng'ombe humharisha. Kipimo ni ml 5 kwa kila gramu 100 za uzito, tone kwa tone. Kabla na baada ya kula, mpanguse chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya vuguvugu hadi akojoe. Mama yake humlamba. Wewe usipofanya hivyo kibofu kitajaa na kitamuua.

Karanga ndizo zinazowapooza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nusu ya kindi wanaoletwa kwangu hawana ugonjwa wa kuambukiza wala hawajaanguka popote. Wamelishwa karanga, mahindi, mbegu za alizeti na nazi miezi mitatu mfululizo, kwa mapenzi. Vyakula hivyo vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Mwili ukikosa kalsiamu unaichota kwenye mifupa. Mwanzo kindi anaacha kurukaruka, mwenye nyumba anasifu, "ametulia siku hizi". Kisha anaacha kupanda. Anakuwa mkali akiguswa, kwa sababu anaumia. Mwisho miguu ya nyuma inalegea, mfupa unavunjika kwa kuruka kutoka kwenye kiti tu, degedege linaingia.

Ukiona dalili za mwanzo, ondoa karanga na mbegu zote siku hiyo hiyo. Na usifidie kwa korosho, hata kama ni za Kilifi na ni tamu. Mpe majani mabichi, na kalsiamu. Ufuoni kwetu mawimbi hutupa ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi, unaoelea kama boya. Uokote, uoshe, uuloweke maji matamu siku mbili ukibadilisha maji, uuanike ukauke kabisa, umwekee autafune. Utampa kalsiamu na kumnolea meno, bila gharama yoyote. Ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa unga, nalo linafaa. Pia jua la asubuhi, nusu saa hivi, penye kivuli cha kukimbilia. Kukaa nyuma ya kioo cha dirisha si kuota jua.

Aliyeanza kuburuta miguu au kupata degedege usimtibu kwa ganda la yai. Huyo ni wa daktari, huenda akahitaji kalsiamu ya sindano na kipimo cha kila siku kwa wiki kadhaa. Wengi hupata nafuu wakiwahishwa. Miguu inaporudi, mwenye nyumba naye hurudia karanga. Hapo ndipo huwa nakasirika.

Makosa ninayoyaona sana

Dawa ya ng'ombe. Ile ivermektini ya asilimia 1, dawa ya minyoo, hupimwa ml 1 kwa kilo 50. Piga hesabu kwa kindi wa gramu 250: ni ml 0.005, nusu ya mstari mdogo kabisa kwenye sirinji ya ml 1. Tone moja tu ni mara nyingi ya kiasi chake. Lazima daktari aizimue.

Vidonge vya watu: panadoli, vya mafua, antibayotiki iliyobaki ya mtoto. Hapana, hata ukivunja robo.

Kumwogesha kwa sababu ana viroboto. Maji yanampoza, na tumeshaona kupoa kunamfanya nini. Vitoe kwa kibano, badilisha kitambaa kila siku.

Kukata meno kwa kikata kucha. Meno ya mbele yakikosa kukutana hurefuka yakapinda hadi kuchoma kaakaa, na ni kweli yanahitaji kufupishwa, lakini kikata kucha huyapasua hadi kwenye mzizi. Daktari ana chombo chake.

Sumu ya panya nyumbani. Kindi akiila, au ukishuku ameila, chukua pakiti uende nayo. Nyingi kati yake huzuia damu kuganda, na dawa yake ni vitamini K1, ambayo huwahiwa kabla damu haijaanza kutoka.

Ukikwama

*Maziwa yametoka puani.* Acha kulisha, inamisha kichwa chini kidogo, pangusa pua. Siku mbili zinazofuata msikilize kifua kwa kumweka sikioni. Ukisikia mlio wa kukwaruza, ni nimonia; nenda kwa daktari bila kungoja.

*Tumbo limevimba kama ngoma.* Maziwa yasitishwe. Tumbukiza nusu ya chini ya mwili wake kwenye maji ya vuguvugu dakika chache huku ukimsugua tumbo taratibu, mkaushe, mrudishe kwenye joto. Saa tatu zikipita bila nafuu, daktari.

*Anaharisha.* ORS peke yake kwa saa kadhaa, kisha rudisha maziwa yakiwa yamezimuliwa nusu kwa nusu. Kukiwa na damu, chukua kinyesi uende.

*Degedege.* Usimshike, usimtie kitu mdomoni. Mfunike giza, ondoa vitu vigumu, tazama saa limechukua muda gani. Likitulia, mpashe joto na uanze safari.

*Ana funza.* Watoe mmoja mmoja kwa kibano, na mayai pia, kazi ya saa nzima mbele ya taa. Usimwagie spirti wala mafuta ya taa.

*Ni Ijumaa jioni na simu zote hazishikwi.* Joto, giza, ORS, uzito. Kwa mpangilio huo kindi wengi huifikia Jumatatu. Aliye kwenye orodha ya yasiyongoja, endelea kupiga simu hadi Mombasa, ukatume video. Kilomita 120 kwa matatu ya alfajiri ni mbali, lakini nimewahi kuzienda na kurudi.

*Amening'ata.* Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali ya Malindi ukaeleze. Ni nadra sana kindi kuwa na kichaa cha mbwa, lakini kidonda kinahitaji kutazamwa, na pepopunda nayo ipo.

*Daktari amesema hatapona.* Muulize waziwazi kuhusu kumlaza usingizi wa mwisho asiteseke. Usimrudishe msituni "akafie kwao". Siafu watamfikia akiwa bado hai.

*Amepona, na sasa anang'ata kila mtu na kutafuna waya za TV.* Huyo ni mzima kabisa, na amechoka na wewe. Waulize KWS pa kumwachia, ikiwezekana karibu na alikotoka, si kwenye bustani ya hoteli wala katikati ya mji. Kama umemlea tangu mdogo, kizimba kiwekwe chini ya miti na akae humo siku kadhaa asikie harufu na sauti za mahali. Baadaye mlango uachwe wazi, maji na chakula vikiendelea kuwekwa hapo kila asubuhi kwa wiki kadhaa. Wangu wa mwisho alirudi kulala kizimbani siku tisa. Ya kumi nikakuta sukuma wiki zimenyauka vile vile nilivyoziweka.